Kutoka Gatini Hadi Obunga

Msomaji, yamkini nawe umepata kusoma kitabu cha hadithi kikakupendeza hata ukatamani kwenda kutazama kwa macho yako mahali palipotajwa ndani yake. Tamaa hiyo si ya kitoto. Watu hutoka nchi za mbali kwenda London kutafuta vichochoro alivyoviandika Charles Dickens, wakasimama mbele ya nyumba ambayo hapakukaa mtu ila katika fikira za mtungaji. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kuvuka bahari kwa safari ya namna hiyo. Tunayo miji yetu, na miji hiyo inao watungaji wake.

Katika insha hii nataka tufuatane, wewe nami, katika mji wa Kisumu, tukianza gatini penye maji ya ziwa na kumaliza katika mtaa wa Obunga, ulio upande wa kaskazini wa mji. Tutachukua vitabu viwili mkononi. Cha kwanza ni The River and the Source, kilichotungwa na Margaret Ogola kikapigwa chapa mwaka wa 1994. Cha pili ni Coming to Birth, kilichotungwa na Marjorie Oludhe Macgoye kikapigwa chapa mwaka wa 1986. Wanafunzi wengi wa Kenya wanavijua, na huenda kimoja kati ya hivyo kimo katika mkoba wako sasa hivi.

Lakini kabla hatujaondoka nakuomba uweke neno moja moyoni. Riwaya ni kama taa iliyoshikwa na mtu mmoja usiku. Pale anapoielekeza twaona vizuri sana, na pale asipoielekeza pabaki giza. Mwenye kuuzuru mji kwa ajili ya riwaya hana budi kutazama kote kuwili, kwenye mwanga na kwenye giza. Maana mara nyingi maisha ya watu walio wengi yamelala pale ambapo taa haikufika.

Basi na tuanze gatini. Zamani, kabla ya reli, pwani hii ya ziwa ilikuwa mahali pa kubadilishana vitu. Mwenye samaki alitafuta nafaka, na mwenye nafaka alitafuta samaki au mifugo. Wajaluo hueleza kuwa hata jina la Kisumu latokana na desturi hiyo ya watu kwenda kutafuta chakula kwa mabadilishano wakati wa uhaba. Ukilikumbuka jambo hilo utaona, tutakapofika Obunga, kwamba desturi ya kale haikufa. Imebadili nguo tu.

Kisha ikaja reli. Waingereza walianza kuijenga Mombasa mwaka wa 1896, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika hapa ziwani baada ya mwendo wa karibu maili 580. Kituo cha mwisho kikaitwa Port Florence, na husemwa kwamba jina hilo ni la Florence, mke wa mhandisi Ronald Preston. Wakati huo nchi hii yote ya ziwani ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka wa 1902 ndipo ilipohamishiwa upande wa nchi ambayo leo ni Kenya. Meli zilikuwa zikingojea mzigo na abiria. Ya kwanza kati ya zile za serikali iliitwa William Mackinnon. Ililetwa vipande vipande ikaunganishwa hapa hapa, ikashushwa majini mwaka wa 1900. Pamba ya Uganda ikawa yapita Kisumu kwenda Mombasa, na nguo na vyombo vya chuma vikawa vyapita Kisumu kwenda Uganda.

Mji uliozaliwa na kazi hiyo uligawanywa kama sahani yenye vyumba. Wazungu walijenga juu mlimani penye upepo, na mpaka leo mtaa huo unaitwa Milimani. Wahindi walikuwa na maduka yao katika mitaa ya biashara iliyo karibu na reli na bandari. Mwafrika alitakiwa aje kwa kazi, apakie na kupakua, afagie na kupika, kisha arudi kwao. Hakuhesabiwa kuwa mwenyeji wa mji. Alikuwa mgeni katika nchi ya baba zake.

Sasa tufungue kitabu cha kwanza. Margaret Ogola alizaliwa mwaka wa 1958, akawa daktari wa watoto, akafariki mwaka wa 2011. Katika riwaya yake anatuletea Akoko, binti wa Yimbo aliyeolewa na Chifu Owuor Kembo wa Sakwa. Akoko alifiwa na mume wake na wana wake wa kiume. Mmoja wao, Obura, alikufa Tanganyika katika Vita Vikuu vya Kwanza. Shemeji yake Otieno akakinyakua kiti cha uchifu na kuanza kuifuja mali. Mjukuu aliyekuwa na haki ya kiti hicho alikuwa bado mtoto mchanga. Akoko hakukaa akalia. Alifunga safari kwa miguu mpaka Kisumu kuishtakia serikali. Serikali ikalichunguza neno lake, naye Otieno akaondolewa.

Ukisimama katikati ya mji huku ukiikumbuka safari hiyo, utaielewa Kisumu ya miaka ile kuliko ukisoma taarifa za magavana. Mama mjane, asiyejua kusoma, anaingia katika mji wa watu wengine kuomba haki kwa mtu ambaye lugha yake haijui. Kwake mji ni mahali penye serikali, na serikali ni kitu kinachoogopwa, lakini pia chaweza kuulizwa swali. Hiyo ndiyo taa ya Margaret Ogola, nayo yang'aa kweli kweli.

Lakini tazama na upande wa giza. Akoko anapomaliza shauri lake hakai Kisumu. Anarudi. Angelala wapi miaka na miaka? Mji haukumwekea nafasi. Na wale waliokuja kwa ujira, waliopakia pamba na kusukuma magari ya reli, walirudi wapi jioni? Baadhi walikaa katika nyumba za wafanyakazi, na baadhi katika mitaa ya zamani kama Kaloleni. Wengine walivuka mpaka wa mji, wakapanga au wakajenga katika mashamba ya wenyeji, mahali ambapo sheria za ujenzi za mji hazikufika wala mabomba ya maji hayakufika. Hivyo ndivyo ulivyoanza ule ukanda wa mitaa inayouzunguka mji wa Kisumu kama mkufu: Nyalenda, Manyatta, Bandani, na huku kaskazini, katika ardhi ya Kanyakwar, Obunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka wa mji ulisogezwa mbali, na mitaa hiyo ikajikuta imo ndani. Wakazi wake hawakuhama. Mji ndio uliowajia. Mpaka ulikuja mapema, lakini mabomba, barabara na mifereji vilichelewa sana njiani. Ukiona leo nyumba za udongo na mabati zimebanana, na maji machafu yakipita mlangoni, usiseme upesi kwamba watu hawa hawapendi usafi. Sema kwanza kwamba mtaa huu ulizaliwa nje ya mlango.

Na sasa tuondoke katikati ya mji. Utapita katika Mtaa wa Oginga Odinga wenye maduka makubwa, kisha utashika Barabara Kuu ya Jomo Kenyatta uelekee soko la Kibuye na njia ya Kakamega. Yaangalie majina hayo mawili, msomaji. Watu hao wawili walikuwa marafiki katika kuutafuta uhuru, wakawa rais na makamu wake, kisha wakaachana. Mji umewaweka karibu karibu katika vibao vya njia, na sasa tunakwenda mahali ambapo ugomvi wao ulimwaga damu ya watu wengine.

Ukiisha kupita Kibuye, kabla ya kufika Kondele, utaiona hospitali kubwa. Leo inaitwa kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga, lakini watu wazima wa Kisumu bado huiita "Russia", kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikuja kuifungua. Mwaka huo ulikuwa mchungu. Tom Mboya alikuwa ameuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai, na nchi ya Wajaluo ilikuwa katika matanga. Odinga alikuwa amekwisha jitoa katika chama cha KANU mwaka wa 1966 na kuanzisha chama cha KPU. Siku ile maneno makali yalipita mbele ya umati, ghasia zikatokea, na walinzi na polisi wakafyatua risasi katika watu. Serikali ilitaja vifo 11. Wengine walisema waliokufa ni wengi kuliko hao. Siku 5 baadaye KPU ikapigwa marufuku, na Odinga akawekwa kizuizini mpaka mwaka wa 1971.

Hapa ndipo tunapofungua kitabu cha pili. Marjorie Oludhe Macgoye alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka wa 1928. Alifika Kenya mwaka wa 1954, akaolewa na Daniel Oludhe Macgoye mwaka wa 1960, akawa raia wa Kenya, akafa mwaka wa 2015. Katika Coming to Birth anasimulia maisha ya Paulina, msichana wa Kijaluo anayefika Nairobi mwaka wa 1956, wakati wa Hali ya Hatari, kumfuata mumewe Martin. Ndoa inawaendea vibaya. Paulina anajifunza kazi za maarifa ya nyumbani, anapata kazi ya kuwafundisha wanawake Kisumu, na huko anazaa mtoto wa kiume aitwaye Okeyo. Siku ya mkasa wa mwaka wa 1969 risasi inampata Okeyo, naye anakufa. Alikuwa mtoto mdogo tu. Hakuwa na chama.

Nakuomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu jambo hili ni zito, na mwanafunzi wa historia asipolifahamu vema aweza kukosea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kusema kwamba Okeyo alikufa kweli mahali hapa, na kwenda kuwauliza wenyeji kaburi lake liko wapi. Okeyo hana kaburi. Ni mtoto wa karatasi, wala hatuwezi kumwongeza katika hesabu ya wale 11. Njia ya pili ni kusema kwamba, kwa kuwa Okeyo ni mtoto wa karatasi, basi habari yake haina kazi kwetu. Kosa hili ni baya kuliko la kwanza. Taarifa ya serikali ilitupa tarakimu. Tarakimu haina mama. Mtungaji alipomwumba Paulina alitaka tujue kwamba kila mmoja katika tarakimu ile alitoka katika nyumba fulani asubuhi, na kwamba jioni katika nyumba hiyo chakula kilipoa bila mtu wa kukila. Hilo ni kweli, hata kama majina ni ya kutungwa.

Kwa miaka mingi watu wa Kisumu waliyasema mambo ya siku hiyo kwa sauti ya chini. Mwaka wa 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa taarifa yake, na mauaji ya Kisumu yakaandikwa humo miongoni mwa maovu yaliyowapata wananchi. Hesabu, msomaji: tangu mwaka wa 1969 hadi 2013 ni miaka 44. Tangu 1969 hadi riwaya ya Macgoye ni miaka 17. Mtunga hadithi alitangulia kusema, na tume ikaja nyuma.

Basi tuondoke hospitalini, tuiache barabara kuu, tuelekee magharibi. Si mwendo mrefu. Majumba ya ghorofa yanabaki nyuma, njia inakuwa nyembamba, na pua inakuambia kabla ya macho kwamba umefika Obunga. Ni harufu ya samaki na moshi wa kuni. Hapa vitabu vyetu viwili vinanyamaza. Akoko alikuja mjini akaenda zake. Paulina alilia Kisumu kisha akarudi Nairobi. Tumetoka penye mwanga wa taa. Tutalazimika kuusoma mtaa wenyewe.

Anza na ile harufu. Mwanamke ameketi karibu na karai kubwa la mafuta yanayochemka, na ndani yake kunakaangwa kitu ambacho mgeni hukitazama mara mbili. Ni kichwa cha samaki, mkia wake na uti wa mgongo katikati, na nyama kidogo iliyoshikamana na mifupa. Watu wa Kisumu wameupa jina la mzaha na la kweli: mgongo wazi. Ndani ya karai hilo imo historia ya ziwa zima.

Zamani wavuvi wa ziwa hili walivua ngege, kamongo, omena na samaki wadogo wa aina nyingi waitwao fulu. Kuanzia miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, samaki mgeni aitwaye mbuta alitiwa ziwani upande wa Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akatiwa upande wa Kenya pia. Mbuta ni mlaji wa samaki wenzake, na aweza kukua hata apite kilo 100. Kwa miaka kadhaa alionekana kwa nadra. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akajaa nyavuni. Fulu wakapungua sana, na aina nyingi zao zikapotea. Lakini watu wa Ulaya waliipenda nyama nyeupe ya mbuta, na viwanda vikajengwa kandokando ya ziwa, Kisumu vikiwamo, ili kumchuna, kumgandisha kwa barafu na kumpeleka ng'ambo.

Hapo likatokea jambo ambalo yafaa ulitafakari. Samaki aliyekuwa chakula cha mwenyeji akawa bidhaa ya mgeni. Bei ikapanda, na mama wa Obunga, aliyezoea kununua samaki mzima pwani, akashindwa. Kiwanda kilichukua minofu. Kilichobaki kilikuwa mifupa. Wanawake wakaenda kwenye malango ya viwanda, wakainunua ile mifupa, wakaileta mtaani, wakaiosha, wakaianika juani, wakaikaanga, wakaiuza Kibuye na Kondele na katika masoko ya mbali. Waliogombea mifupa hiyo hawakuwa wao peke yao. Nao watengenezaji wa chakula cha kuku na mifugo waliitaka, na wenye fedha nyingi hupewa kwanza.

Na tazama jinsi mtaa mdogo ulivyofungwa kwa kamba ndefu na dunia. Katika miaka ya mwisho ya 1990 nchi za Ulaya zilizuia mara kadhaa samaki wa Ziwa Victoria wasiingie kwao, kwa hofu ya vijidudu na kwa habari za sumu iliyotumiwa kuvulia. Kiwanda kisipochuna samaki hakuna mifupa, na mifupa isipokuwapo karai halichemki. Amri iliyotolewa Brussels ilisikika katika karo ya shule ya mtoto wa Obunga. Baadaye mbuta wenyewe wakapungua kwa kuvuliwa mno, na viwanda kadhaa vikafunga milango. Nani aliyeandika kitabu cha hesabu cha wanawake hao, kuonyesha nani alikopa, nani alilipa, na nani alimsomesha mtoto mpaka akamaliza kwa mifupa ya samaki? Kitabu hicho kimo vichwani mwao tu.

Ukumbuke yale mabadilishano ya kale ya pwani. Kutafuta chakula kwa akili wakati wa uhaba ndiko kulikoupa mji jina lake. Wanawake wa mgongo wazi ndio warithi wa kazi hiyo. Wameketi nje kidogo ya mji, na huku wameshika jina la mji.

Sipendi kukuficha kwamba mtaa huu umeona na mambo mengine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 machafuko yaliikumba Kisumu, na taarifa ya tume ya Jaji Philip Waki ya mwaka wa 2008 ilionyesha kwamba wengi wa waliokufa katika mkoa wa Nyanza walikufa kwa risasi. Katika uchaguzi wa mwaka wa 2017 moshi wa mabomu ya machozi ulijaa tena katika mitaa ya ule ukanda, Obunga na Kondele na Nyalenda. Mwezi wa Agosti mwaka huo, huko Nyalenda, mtoto mchanga wa miezi 6 alipigwa ndani ya nyumba ya wazazi wake, akafa baada ya siku chache. Mahakama ya Kisumu ililichunguza shauri hilo, na mwaka wa 2019 ikaona kwamba polisi wana hatia ya kujibu.

Yule hakuwa mtoto wa karatasi. Lakini aliyekuwa amesoma Coming to Birth aliposikia habari ile alimkumbuka Okeyo, na moyo wake ukashtuka mara mbili: kwanza kwa msiba wenyewe, na pili kwa kuona kwamba jambo lililotungwa mwaka wa 1986 kutokana na mambo ya mwaka wa 1969 limetendeka tena mwaka wa 2017 katika mji ule ule. Riwaya haikutabiri. Ilikumbusha tu, na sisi tukasahau. Hii ndiyo sababu nasema kwamba kutembea mjini na riwaya mkononi si mchezo wa watu wenye nafasi. Mji usiokumbuka wafu wake huweza kuwaongeza wengine.

Sasa, kama nawe utakwenda Obunga siku moja, ama mtaa wowote wa namna hiyo, sikiliza ushauri wa mwenzio. Usiende kama mtu anayekwenda kutazama wanyama katika mbuga. Umaskini si maonyesho. Toa salamu kwanza. Mzee mwite mzee, mama mwite mama, na ukijua maneno machache ya Kijaluo yatumie, hata ukikosea watacheka na mlango utafunguka. Nunua mgongo wazi ule. Kinywa kinachokula huaminiwa kuliko kalamu inayoandika. Kisha uliza mambo madogo. Kisima cha kwanza kilikuwa wapi? Nani alianza kuuza mifupa? Njia hii iliitwaje kabla ya kuwa na nyumba? Mambo makubwa yatakuja yenyewe, na mtu akitaka kunyamaza mbele ya swali fulani, mwache anyamaze. Kunyamaza nako ni jibu, nalo lina miaka yake.

Andika kwa lugha waliyoisema wenyewe. Pambanua kila mara kati ya yale uliyoambiwa na mtu aliyeyaona kwa macho, yale aliyoyasikia kwa mwingine, na yale unayoyadhani wewe. Yachanganye na utakuwa umetunga hadithi bila kukusudia. Yatenge, na utakuwa umeandika historia. Na kama baadaye utapenda kutunga riwaya, utakuwa na haki ya kuitunga, maana utajua pale unapoacha kweli na pale unapoishika.

Mwandishi mmoja mwanamke, Asenath Bole Odaga, alifanya kazi ya namna hiyo Kisumu. Alikusanya hadithi za wazee wa Kijaluo, akaanzisha kiwanda chake cha uchapishaji na duka la vitabu katika mji huu huu, ili mtu wa ziwani asilazimike kwenda Nairobi wala London kutafuta habari zake mwenyewe. Alifariki mwaka wa 2014. Margaret Ogola na Marjorie Macgoye nao wametangulia. Taa zao zingali zinawaka, na pale zilipofikia tunaona.

Lakini katika Obunga kuna mama aliyekuwa msichana siku ile ya Oktoba 1969, na ambaye alikuwa na nguvu za kubeba mzigo wa mifupa wakati mbuta walipojaa. Amekwisha zeeka. Kila mwaka wenziwe wanapungua, na kila anayeondoka huenda na kurasa zake. Wewe unajua kusoma na kuandika, na wakati ungali upo. Chukua daftari, uende ukamsalimu.